Nusu Inakwenda Wapi? Ligi ya Daftari katika Somo la Hisabati

Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa Hisabati wa wilaya yetu. Nimeiandika upya kwa sababu siku ile nilisema bila karatasi, na wengi waliomba waipate.

Ndugu Afisa Elimu Sekondari, wakuu wa shule, wathibiti ubora mliofika, walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Kwanza naomba radhi kwa wana Simba waliomo humu, maana mfano wangu wa kwanza unatonesha kidonda. Tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Mkapa: Simba 1, Yanga 5. Naam, nimesikia kuna aliyeguna kule nyuma. Vumilia, mwalimu, sitakaa hapo muda mrefu.

Mechi hiyo niliipeleka darasani Februari 2024, ligi iliporudi baada ya mapumziko ya AFCON. Kidato cha tatu, mkondo B, wanafunzi 64, kipindi cha kwanza Jumatatu. Niliandika ubaoni kanuni chache za pointi za fantasi, mchezo wa kugeuza wanayoyafanya wachezaji uwanjani kuwa pointi. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi, pointi 2. Kiungo akifunga bao, 5. Kipa na beki wanakatwa pointi 1 kwa kila mabao mawili timu yao iliyofungwa. Tukaanza na Maxi Nzengeli, aliyefunga mawili siku ile. Kiungo, mabao mawili, mara tano ni kumi, ongeza mbili za dakika, kumi na mbili. Darasa zima likajibu kwa pamoja, hata wale wa dawati la mwisho ambao kwa kawaida wakati huo huwa bado wanatafuta kalamu.

Nikasema, haya, kipa wa Simba. Tuseme amecheza dakika zote na tusihesabu michomo aliyookoa. Ana pointi ngapi?

Hapo pakachafuka. Mabao matano, gawanya kwa mawili, mbili na nusu. Anazo mbili za dakika. Toa mbili na nusu. Wana Yanga wakasema kipa ana hasi nusu, na wengine wakadai nusu ikadiriwe iwe moja, kwa hiyo hasi moja kamili. "Si ulitufundisha nusu inapanda juu, mwalimu?" Wana Simba wakapinga: pointi za mpira hazina nusu. Ugomvi ukaenda dakika kumi, na mimi nikanyamaza kwa makusudi, jambo ambalo si kawaida yangu. Mwishowe binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mtoto asiyenyoosha mkono hata ukimwita kwa jina, akasema taratibu: "Mwalimu, kanuni imesema kila mawili. Bao la tano linasubiri mwenzake. Mwenzake hajaja. Halihesabiki."

Kipa akabaki na sifuri.

Nimefundisha Hisabati miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo nimesahihisha majibu yanayosema shule itahitaji mabasi sita na nusu kupeleka wanafunzi ziarani, na aliyeandika hakuona tatizo lolote katika hiyo nusu ya basi. Nusu yake haina mwenyewe. Haiendi popote, haimpandishi mtu wala haimshushi mtu. Siku ile kwa mara ya kwanza niliona darasa zima likitaka kujua nusu inakwenda wapi, kwa sababu kila nusu ilikuwa na mtu wa kuililia.

Sikuja hapa kuwaambia kwamba mpira unaifanya Hisabati iwe tamu. Sukari tumeshaweka nyingi, na matokeo tunayajua: mwaka 2023 waliofaulu Hisabati kidato cha nne nchini walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Nimekuja kusema habari ya jibu lenye mwenyewe. Mtoto akiwa na sababu ya kujali kama jibu ni sahihi au si sahihi, atalihakiki mwenyewe, tena ataihakiki na hesabu ya jirani yake kwa ukali kuliko mimi na wino wangu mwekundu.

Kwa ambao hamjawahi kuucheza, fantasi ni mchezo wa kujifanya kocha na mweka hazina kwa wakati mmoja. Unapewa mtaji wa kufikirika, unasajili wachezaji wa kweli kutoka timu tofauti, kisha wanayoyafanya uwanjani wikiendi yanageuzwa kuwa pointi zako. Vijana wetu mtaani wanacheza ule wa Ligi Kuu ya Uingereza, ulioanza msimu wa 2002/03: mtaji pauni milioni 100, wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Mzizi wake lakini uko Marekani. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa waliokuwa na hisa katika timu ya Oakland, alibuni na wenzake mchezo wa namna hii kwa mpira wa Kimarekani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake wakaanzisha wa besiboli, wakaupa jina la mgahawa wa New York walikokuwa wakikutana kula.

Sikilizeni hapo. Mwaka 1962, na hata 1980, watu hao hawakuwa na simu za mkononi wala intaneti. Walikuwa na gazeti, penseli na kujumlisha. Mimi nina gazeti, chaki na watoto 64 wa kujumlisha. Nimepungukiwa nini? Na darasani mchezo huu haukuanzia kwangu. Huko California mwalimu wa Hisabati, Dan Flockhart, aliuingiza katika masomo yake miaka mingi iliyopita, akaandika na vitabu vya kuwaelekeza walimu wengine.

Kama kuna anayedhani huu ni mchezo wa wavivu, Desemba 2019 aliyeongoza dunia nzima katika fantasi ya Uingereza, kati ya watu zaidi ya milioni 7, alikuwa Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji wakati ule. Nilipowaambia wanafunzi, mmoja akauliza sataranji ni kitu gani, ni kama drafti? Nikamwambia ni binamu yake drafti, ila aliyesoma shule ya bweni.

Sasa ya kwetu. Sisi tuko Turiani, mkoani Morogoro, kwa Wakata Miwa wa Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Shuleni simu haziruhusiwi, na mimi naiunga mkono kanuni hiyo. Kwa hiyo ligi yetu tuliiita Ligi ya Daftari na tukatumia Ligi Kuu ya Tanzania Bara, yenye timu 16. Darasa nililigawa makundi 16 ya watu wannewanne. Kila kundi lina kikosi cha wachezaji 11 na mtaji wa shilingi 66 za daftari. Bei ya mchezaji ni kati ya shilingi 4 na 12. Matokeo tuliyapata kwa redio, kwa gazeti la michezo la Jumatatu linalochelewa kufika, na kwa wale waliolipa kiingilio kibanda umiza Jumapili na kurudi wakiwa mashahidi. Kulikuwa na kamati ya takwimu ya watu wanne, manila mbili ukutani, na kanuni moja ambayo hatukuibadili hadi mwisho: tukio lisilothibitishwa na vyanzo viwili halina pointi. Mtoto aliyeapa kwa mama yake kwamba ile pasi aliiona kwa macho yake, hakupata kitu.

Twende kwenye shilingi 66. Wachezaji 11, kwa hiyo wastani ni shilingi 6 kwa kichwa. Msimu ule Stephane Aziz Ki wa Yanga na Feisal Salum "Fei Toto" wa Azam walikuwa wanakimbizana kwa mabao. Walimaliza na 21 na 19. Tulimpa Aziz Ki bei ya shilingi 12 na Fei Toto 11. Kila kundi likawataka wote wawili. Sawa, 23 zimekwenda, zimebaki 43 kwa wachezaji tisa. Kundi moja likaja mbele kwa furaha na orodha ya wachezaji wa shilingi 4 na wa shilingi 7, na hesabu yao ikagota 48. Nikawarudisha. Wakaja tena na 45. Nikawarudisha. Mara ya tatu kijana wao akasema, "Mwalimu, tuambie tu wa shilingi saba tuchukue wangapi." Nikamwambia aite idadi hiyo y, atuandikie anachokijua.

Wote tisa lazima walipiwe angalau shilingi 4, hiyo ni 36. Kila anayepandishwa kutoka 4 kwenda 7 anaongeza 3. Kwa hiyo 36 na 3y zisizidi 43. Basi 3y zisizidi 7, y isizidi mbili na theluthi moja. Akasimama pale na chaki mkononi. Sikusema neno. Akageuka kwa wenzake: "Ni wawili. Theluthi ya mchezaji hasajiliwi." Kisha, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi, akauliza ile shilingi moja iliyobaki waifanyie nini.

Walimu, mada hiyo kitabuni ina kurasa kadhaa, na katika mtihani watoto wanageuza ile alama ya kutolingana wanavyojisikia. Yule hakuigeuza. Angeigeuza angefilisika.

Namba hasi, hilo nusura lisahaulike. Kidato cha tatu bado nina watoto wanaosita kwenye mbili toa tano. Wiki ya tatu, kundi moja lilimfanya beki kuwa nahodha, na nahodha pointi zake zinazidishwa mara mbili. Beki huyo akacheza zaidi ya saa moja, akapewa kadi nyekundu, na timu ikafungwa manne. Mbili za dakika, toa tatu za kadi, toa mbili za mabao: hasi tatu. Wakaja wananong'onezana. "Mwalimu, kuzidisha mara mbili ni kwa mema tu, siyo?" Nikawauliza kanuni inasemaje. Wakasoma. Kanuni haikutaja mema. Hasi tatu mara mbili, hasi sita. Wapinzani wao walipiga makofi, na sijawahi kurudia somo hilo kwa mkondo ule.

Kuna jingine la bei. Kila mwisho wa mwezi aliyefanya vizuri tulimpandisha bei kwa asilimia 10 na aliyelala tulimshusha kwa asilimia 10. Mchezaji wa shilingi 10 akapanda mwezi wa kwanza, akawa 11. Mwezi wa pili akashuka. Kamati ikaandika 9.90. Kundi lenye mchezaji likaandamana hadi ofisini wakati wa chai: kapanda kumi, kashuka kumi, arudi kumi! Kamati imeiba senti kumi! Niliwaambia wakae na kamati wamalizane wenyewe. Ilichukua siku mbili. Walichokuja kuniambia ni kwamba ile kumi ya pili si ndugu wa ile kumi ya kwanza, maana ya kwanza imetolewa kwenye 10 na ya pili imetolewa kwenye 11. Hapo mimi ningeweza kuongeza nini?

Nije kwenye wastani, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipofundishwa. Niliwapa washambuliaji wawili wa kubuni, wiki sita kila mmoja. Wa kwanza: 2, 2, 2, 2, 2, 17. Huyo ni mtu anayezurura uwanjani wiki tano, halafu siku moja anapiga mabao matatu na pasi ya bao. Wa pili: 5, 5, 5, 5, 5, 2. Huyu kila wiki anatoa pasi ya bao, mara moja tu ametoka kapa. Jumlisha: 27 na 27. Gawanya kwa sita: 4.5 na 4.5. Wakashangaa. Nikawaambia watafute namba ya katikati baada ya kupanga. Wa kwanza 2, wa pili 5. Nikawa tayari kufunga somo kwa kusema, mnaona, wa pili ndiye wa kusajili.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Inategemea, mwalimu. Kama ni wiki ya mwisho na umezidiwa pointi kumi na mbili, huyo wa pili atakusaidia nini?"

Nilikaa chini. Miaka yote nilifundisha wastani na namba ya katikati kama njia mbili za kupata jibu, muhtasari unazitaka, basi. Mtoto wa kidato cha tatu akanionyesha kuwa swali la ipi ni bora halijibiki mpaka ujue mwenye kuuliza anatafuta nini. Jambo hilo mchuuzi wa nyanya pale stendi analijua, ila darasani tulikuwa hatulisemi.

Matriki sitakaa nayo. Jedwali la wachezaji na matukio yao, lizidishe kwa safu ya thamani za matukio, unapata pointi za kikosi kizima kwa mkupuo. Anayefundisha kidato cha nne ataliona mwenyewe. Walichoka kujumlisha mmoja mmoja, nikawapa njia ya mkato, wakaipokea kama zawadi.

Kuhusu lugha, ugomvi wote ninaowasimulia ulikuwa wa Kiswahili, na mtihani ni wa Kiingereza. Nilichofanya ni kuacha wabishane kwa Kiswahili hadi jambo likae, kisha naandika ubaoni jina lake la kwenye mtihani na tunaliandika swali lilelile upya kwa Kiingereza. Neno linaingia kirahisi likikuta jambo lenyewe limeshafika. Ukianza na neno, mtoto anakariri neno.

Sasa makosa, maana sikuja kujisifu.

Kosa la kwanza: mchezo ulinila. Wiki nne za mwanzo nilitoa vipindi viwili kwa wiki, nikabaki nyuma ya azimio la kazi hadi mkuu wa shule akaniita. Alikuwa na haki. Kibaya zaidi, nilipotoa jaribio la mwezi lisilo na mpira ndani yake, wengi walianguka vilevile. Mtoto aliyepiga hesabu ya y bila kutetereka alishindwa swali la magunia ya mpunga lenye sura ileile kabisa. Lilinivunja moyo. Hesabu ilikuwa imenasa kwenye mpira, haitoki. Tangu hapo mchezo una dakika 20 tu Jumatatu, na swali la mwisho la Jumatatu halina mpira: ni magunia, ni nauli ya bodaboda, ni tanki la maji la shule. Mtoto lazima aseme kwa mdomo wake limefanana wapi na la ligi. Bila kipande hicho, wenzangu, msianze, mtakuwa mmefungua klabu ya mashabiki.

Kosa la pili bado linaniuma. Tulipotaka takwimu zetu wenyewe tulitumia ligi ya madarasa, mpira wa miguu na netiboli, na watoto wakarekodi kila pasi na kila pete. Takwimu zilikuwa nzuri kuliko za redio, na mabinti waliokuwa wamekaa pembeni wakawa ndio wenye sauti. Lakini nikaruhusu wachezaji wapewe bei. Wanafunzi wetu, kwa majina yao, ukutani. Kijana mmoja aliandikwa shilingi 4, bei ya chini kabisa, na akaacha kuja uwanjani. Sikugundua hadi wiki ya pili. Nilibandua ile manila mwenyewe, nikamfuata nikamwomba radhi. Takwimu za watoto rekodini, chorea grafu, tafuteni wastani wa timu. Mtoto msimpe bei.

La tatu ni kamari, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa wakuu wa shule. Mzazi mmoja, mzee mkulima wa miwa, alikuja ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu anasema ana pointi 58 za mpira. Nataka kujua hizo ni shilingi ngapi, na amezitoa wapi." Nilimwonyesha daftari, tukakaa nusu saa. Akaniambia mtoto wake mkubwa aliuza baiskeli kwa ajili ya mikeka, zile karatasi za kubetia. Sikuweza kumwambia hofu yake haina msingi. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini sote tunajua nani anashika foleni pale kwenye mashine. Na wiki mbili baadaye nikabaini makundi matatu yanachangishana shilingi mia tanotano kwa mshindi. Nilifunga ligi siku 14. Tangu hapo hakuna zawadi yoyote, hata soda.

Kisha nikafanya jambo ambalo wengine hamtalipenda: niliuleta mkeka darasani. Siyo wa kampuni, wa kuandika mwenyewe ubaoni. Mechi moja: nyumbani ashinde, 1.80, sare, 3.40, mgeni ashinde, 4.50. Ukipatia, fedha uliyoweka inazidishwa kwa namba hiyo. Nikawaambia watafute kinyume cha kila namba, yaani uwezekano ambao namba hiyo inadai. Moja gawanya kwa 1.80 ni 0.556. Ya pili 0.294. Ya tatu 0.222. Jumlisha. Wakapata 1.072. Nikauliza: kati ya kushinda, kutoka sare na kufungwa, kuna la nne? Hakuna. Basi uwezekano wa yote matatu jumla yake ni ngapi? Moja. Na hii 0.072 inakwenda wapi?

Kimya. Halafu yule binti wa dirishani: "Ya mwenye mashine."

Tukaendelea na mkeka wa mechi kumi, kila mechi tukaipa nafasi ya 0.6, ambayo ni nafasi nzuri. Walizidisha 0.6 kwa yenyewe mara kumi, kwa mkono, maana vikokotoo havitoshi. Jibu ni 0.006 na kitu. Mikeka sita katika elfu moja. Kijana mmoja akafunga daftari akasema kaka yake lazima aione hii. Sijui kama kaka yake aliiona, na sitadai kwamba Turiani watu wameacha kubeti kwa sababu yangu. Ninachodai ni kwamba mjukuu wa yule mzee aliweza kumweleza babu yake tofauti kati ya daftari na mashine, kwa namba, na mzee akarudi kuniambia.

Anayetaka kujaribu, mahitaji ni manila mbili, kalamu ya wino mzito na gazeti la Jumatatu. Anzeni na timu tano, siyo kumi na sita. Kanuni ziandikwe kabla ya mechi ya kwanza na zisibadilishwe katikati, hata zikiwa mbovu. Kanuni mbovu inafundisha zaidi kuliko mwalimu anayebadilika. Na msiwe waamuzi. Mkiamua ninyi, jibu linarudi kuwa la mwalimu.

Nina kisa kimoja kilichobaki, cha kundi la vijana wanne wa hapahapa Turiani. Tangu wiki ya kwanza walimsajili kipa wa Mtibwa. Mnaikumbuka Mtibwa ya msimu ule: ilikuwa inashuka, na ikashuka. Kila Jumatatu kipa wao aliwaletea moja, au sifuri, au hasi. Na kila wiki nilidhani watambadilisha. Wiki ya mwisho nikamwita kiongozi wao. Nilimuuliza kama hawajaona jedwali. Akafungua daftari, ukurasa wa nyuma. Alikuwa ameandika pointi za kipa wao na pointi za kipa wa bei ileile kutoka timu ya juu, wiki kwa wiki, na tofauti pembeni. Wastani wa tofauti, pointi 2. Wiki 11. Chini yake 22, imepigiwa mistari miwili.

"Tumeona, mwalimu. Anatugharimu ishirini na mbili. Tulipiga kura tukasema tutazilipa."

Walimaliza wa tisa. Kwa pointi 22 zaidi wangekuwa wa nne, na hilo pia alikuwa ameliandika.

Asanteni kwa kunisikiliza.